Nani angempiga nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulinganisha mabondia wa uzito wa juu

Mifano mingi hapa inatoka katika makundi mawili: wale wanne wa miaka ya 1970, yaani Muhammad Ali, Joe Frazier, Ken Norton na George Foreman, na watatu wa zama hizi, Oleksandr Usyk, Tyson Fury na Anthony Joshua. Tumewachagua kwa sababu wengi wao walikutana ulingoni, baadhi zaidi ya mara moja. Hoja inayowahusu inaweza kupimwa kwa matokeo, haibaki kuwa maneno ya kijiweni.

Nianzie wapi ninapotaka kulinganisha mabondia wawili?

Anza na tarehe. Jina peke yake halitoshi, maana bondia wa uzito wa juu hubadilika sana ndani ya miaka michache. Ali wa Novemba 1966, aliyemmaliza Cleveland Williams katika raundi ya 3, aliishi kwa miguu: anaingia, anapiga, ameshaondoka. Ali wa 1974 alikuwa mzito zaidi na miguu imepungua, ila alijua kuvumilia, kukumbatia na kusubiri. Ali wa tarehe 2 Oktoba 1980, ambaye kona yake, yaani kocha na wasaidizi wake, ilimzuia kutoka baada ya raundi ya 10 dhidi ya Larry Holmes, hakuwa na kimojawapo. Anayesema "Ali angemshinda Fulani" bila kutaja mwaka hajasema kitu bado.

Baada ya tarehe, taja sheria, na hasa idadi ya raundi. Mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15 mpaka WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa, iliposhusha hadi 12 baada ya bondia Duk Koo Kim kufariki kutokana na pambano mwezi Novemba 1982; mashirika mengine, WBA na IBF, yalifuata mwaka 1987 na 1988. Raundi tatu si jambo dogo. Tarehe 23 Septemba 1952 Rocky Marciano alikuwa nyuma kwenye kadi za majaji wote watatu dhidi ya bingwa Jersey Joe Walcott, akamlaza kwa ngumi moja ya kulia katika raundi ya 13. Kwa sheria za leo kengele ingelia mwisho wa raundi ya 12, Walcott angebaki na mkanda, na ile rekodi ya 49-0 isingekuwepo.

Ukishaweka tarehe na sheria, ndipo uulize mambo matano kwa mpangilio huu: nani anaamua umbali wa pambano, nani ana pumzi ya raundi za mwisho, ngumi gani humsumbua kila mmoja, kila mmoja anahimilije anapoguswa, na nani amekaa kwenye kona yake. Nguvu ya ngumi tumeiacha nje makusudi. Katika uzito huu karibu kila mtu anaweza kumlaza mwenzake. Kazi ni kumfikia.

Kwa nini hesabu ya "A alimpiga B, B alimpiga C, basi A atampiga C" haifai?

Kwa sababu mitindo haifuati hesabu. Angalia wale wanne.

Frazier alimshinda Ali tarehe 8 Machi 1971 Madison Square Garden, akamwangusha raundi ya 15. Norton alimshinda Ali tarehe 31 Machi 1973 San Diego, na akamvunja taya. Foreman naye alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, Kingston, Jamaika, Januari 1973, kisha akamfagia Norton raundi ya 2 huko Caracas, Machi 1974. Kwa hesabu ya A, B na C, Ali hakuwa na nafasi yoyote mbele ya Foreman. Alimlaza raundi ya 8, Kinshasa, Oktoba 1974.

Sababu zake zinaonekana ukiangalia kwa makini. Frazier alikuwa na sentimita 182 hivi na mikono mifupi. Ili apige ilibidi aingie ndani huku akiinama na kuyumba, kisha aachie huki ya kushoto, ngumi ya kupinda inayotoka pembeni. Dhidi ya Ali hiyo ni dawa, kwa sababu Ali alikwepa kwa kuegemea nyuma, mkono wa kulia ukiwa chini, na huki hupita palepale. Dhidi ya Foreman ni kujipeleka mwenyewe: Foreman alimsukuma kwa mikono yote miwili ili kupata umbali, na kila Frazier alipoinama alikutana na apakati, ngumi inayopanda kutoka chini. Haikuwa bahati. Walirudiana tarehe 15 Juni 1976 na Foreman akashinda tena, raundi ya 5.

Norton ni hadithi nyingine. Alipiga jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, wakati uleule Ali alipopiga yake, hivyo jebu ya Ali ikapoteza kazi. Hilo alifundishwa na Eddie Futch, ambaye pia alikuwa kwenye kambi ya Frazier. Mapambano yote matatu ya Norton na Ali yalikwenda mpaka mwisho na yalikuwa ya karibu. Lakini Norton alirudi nyuma kwa mstari ulionyooka anaposhambuliwa na mpiga ngumi nzito. Foreman alimmaliza raundi ya 2, Earnie Shavers raundi ya 1 mwaka 1979, Gerry Cooney raundi ya 1 mwaka 1981. Kasoro ni ileile mara tatu.

Kwa zama hizi chukua Daniel Dubois. Alimlaza Joshua raundi ya 5 mwezi Septemba 2024. Usyk amemmaliza Dubois mara mbili, raundi ya 9 mwaka 2023 na raundi ya 5 mwezi Julai 2025. Hata hivyo Joshua, aliyelazwa na Dubois, alikwenda raundi 12 na Usyk mara mbili, na mara ya pili jaji mmoja alimpa ushindi.

Foreman alishindwaje Kinshasa? Si alikuwa na nguvu zaidi?

Alikuwa nazo, na zilimaliza mapambano yake mapema mno kabla ya siku ile. Ongeza raundi walizopigana tangu Januari 1973 mpaka wanapanda ulingoni Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Foreman: Frazier raundi 2, José Roman raundi 1, Norton raundi 2. Jumla hazifiki hata 5 kamili. Ali: Joe Bugner 12, Norton 12, Norton tena 12, Rudi Lubbers 12, Frazier 12. Jumla 60. Mmoja alikuwa amezoea kulala mapema, mwingine alikuwa amezoea kuteseka hadi usiku wa manane.

Pambano lenyewe lina sehemu tatu. Raundi ya 1 Ali hakukimbia kama ilivyotarajiwa. Alirusha ngumi za kulia bila kutanguliza jebu, jambo la hatari ambalo halifanywi na bondia wa kiwango hicho, kwa sababu ngumi hiyo husafiri mbali na huacha mbavu wazi. Foreman hakuzitegemea, zikamfikia na kumkasirisha. Kuanzia raundi ya 2 Ali akaegemea kamba zilizolegea, mikono imefunika uso, viwiko vimefunika mbavu. Watu hukumbuka kamba na kusahau shingo: kila walipokaribiana Ali alimshika Foreman kisogoni na kumvuta chini, akambebesha uzito wake. Fanya hivyo raundi saba kwenye joto lile la unyevunyevu, na mpinzani anarusha ngumi kubwa zisizofika, miguu inakauka. Sehemu ya tatu ni sekunde za mwisho za raundi ya 8. Ali anatoka kwenye kamba, mfululizo mfupi, huki ya kushoto inainua kichwa cha Foreman, ya kulia inamaliza.

Wengi hudhani mbinu ya kamba humfaa yeyote dhidi ya mpiga ngumi nzito. Haimfai. Inahitaji bondia anayehimili ngumi za mwili, anayeona ngumi zikija huku amebanwa, na anayerudisha ngumi za haraka kila mpinzani anapopumua. Ukikosa hiyo ya tatu, refa atasimamisha pambano.

Fury na Usyk: je, Usyk alishinda kweli pambano la kwanza?

Ndiyo, na hesabu yake inafundisha namna ya kusoma kadi. Tarehe 18 Mei 2024, Riyadh, majaji waliandika 115-112 na 114-113 kwa Usyk, na 114-113 kwa Fury. Mshindi wa raundi hupata 10, mwenzake 9. Aliyehesabiwa, yaani aliyeangushwa na refa akaanza kumhesabia sekunde, hupata 8. Katika raundi ya 9 mkono wa kushoto wa Usyk ulimyumbisha Fury kutoka kamba hadi kamba, na refa Mark Nelson akamhesabia kwa sababu kamba ndizo zilizomzuia asianguke.

Sasa fungua kadi. Ile ya 115-112 ni raundi 7 kwa 5 za Usyk. Ile ya 114-113 ya Usyk ni raundi 6 kwa 6. Ile ya Fury ni raundi 7 kwa 5 zake. Ondoa ile hesabu moja, raundi ya 9 ibaki ya Usyk kwa 10-9 tu, na kadi zinakuwa 115-113, 114-114 na 113-115. Hiyo ni sare. Kwa hiyo mikanda minne iliamuliwa na uamuzi sahihi wa refa mmoja, kwa sababu sheria inasema bondia anayeshikiliwa na kamba baada ya kupigwa anahesabiwa kama aliyeanguka.

Marudiano ya tarehe 21 Desemba 2024 yaliondoa shaka: majaji wote watatu waliandika 116-112 kwa Usyk, yaani raundi 8 kwa 4.

Mtu mkubwa si humshinda mdogo? Uzito una kazi gani hasa?

Uzito una kazi pale tu mwenye nao anapoweza kuuegemeza juu ya mpinzani. Mfano mzuri ni Fury dhidi ya Deontay Wilder. Mwaka 2018 Fury alikuwa na kilo 116 hivi, akakaa mbali, akaangushwa mara mbili, ikawa sare. Februari 2020 alirudi na kilo 124, akaenda mbele, akamlalia Wilder kila walipokumbatiana, na kona ya Wilder ikatupa taulo raundi ya 7. Wilder aliingia akiwa na ushindi 42, sare 1 na KO 41 (ushindi wa kumlaza au kummaliza mpinzani), lakini hakuwahi kujifunza kupigana akirudi nyuma.

Dhidi ya Usyk mpango huohuo ulikosa mtu wa kulaliwa. Usyk alipima kilo 101 hivi na Fury 119 katika pambano la kwanza. Katika la pili, wakipimwa na nguo, takriban 102 na 127. Usyk hakusimama mbele yake. Alizunguka nje ya mguu wa mbele wa Fury, akalazimisha kilo zote zile zigeuke kila sekunde chache. Kugeuka kunachosha kuliko kupiga.

Kumbuka pia kwamba mpaka wa chini wa uzito wa juu ni pauni 200, karibu kilo 90.7, na juu hakuna kikomo. Zamani mpaka ulikuwa pauni 175. Marciano, mwenye kilo 84 hivi, leo angepangwa daraja la chini yake. Ukimpandisha Marciano dhidi ya Fury unalinganisha madaraja mawili tofauti, na jibu la haki ni kwamba Marciano asingefika umbali wa kupiga mara za kutosha.

Bondia mashoto anasumbua kwa nini?

Kwa sababu miguu ya mbele ya mabondia wote wawili inakuwa upande mmoja, inakanyagana, na anayeweka wake nje ndiye mwenye njia iliyonyooka ya mkono wa nyuma. Mguu wa kulia wa Usyk ukiwa nje ya mguu wa kushoto wa mpinzani, mkono wake wa kushoto unaelekea kidevuni moja kwa moja. Dawa ni ngumi ya kulia ya kunyoosha, mwilini kwanza, na kuuweka mguu wa mbele nje kabla yake. Joshua hakufanya hivyo Septemba 2021. Agosti 2022 alipiga mwili zaidi, akapata raundi ya 9 nzuri sana, lakini Usyk akaichukua ya 10 kwa kasi iliyomaliza mjadala.

Rekodi isiyo na kushindwa ina uzito gani katika ubishi?

Mdogo. Angalia waliopigwa, lini, na walikuwa na umri gani. Mike Tyson kumlaza Holmes raundi ya 4 Januari 1988 ni kazi safi, ila Holmes alikuwa na miaka 38 na hakuwa amepigana karibu miaka miwili.

Tyson wa 2002 si alikuwa ameshazeeka alipopigwa na Lennox Lewis?

Lewis ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, karibu miezi 10. Alizaliwa Septemba 1965, Tyson Juni 1966. Tofauti ilikuwa katika uchakavu: Tyson alikuwa bingwa akiwa na miaka 20 na mwili wake ulikuwa umepita mengi, ilhali Lewis alianza ngumi za kulipwa mwaka 1989 na alitunza miguu na jebu yake. Aliyemtaka Tyson wa 1988 dhidi ya Lewis wa 2002 anauliza swali tofauti, na hilo ni gumu zaidi, kwa sababu Oliver McCall na Hasim Rahman walionyesha kwamba ngumi moja ya kulia ilitosha kumlaza Lewis.

Kona ina umuhimu kiasi hicho?

Ndiyo, na watu wanaisahau. Tokyo, Februari 1990, Tyson alipokutana na Buster Douglas, kona yake haikuwa hata na kile kichuma cha baridi cha kukandamiza uvimbe wa jicho. Walijaza maji ya barafu kwenye glavu ya mpira. Jicho likafunga, na Tyson akawa haoni ngumi za kulia zinazokuja. Kocha wake Kevin Rooney alikuwa ameshaondolewa tangu 1988. Kinyume chake ni Futch huko Manila, Oktoba 1975: aliona Frazier haoni tena, akamzuia kutoka raundi ya 15. Pambano likapotea, mtu akabaki.

Pambano la kushtukiza lihesabiwe vipi?

Lihesabiwe nusu. Martin Bakole, Mkongo kutoka Kananga, alimmaliza Jared Anderson raundi ya 5 mwezi Agosti 2024 akiwa na kilo 129 hivi. Februari 2025 aliitwa siku mbili kabla, Dubois alipougua, akapanda dhidi ya Joseph Parker akiwa na kilo karibu 143, na akaondolewa raundi ya 2. Usimpime Bakole kwa usiku huo. Mpime kwa ule wa Anderson, huku ukijua kwamba nidhamu ya uzito ni sehemu ya ubondia.

Kompyuta haiwezi kutupa jibu?

Ilijaribiwa. Mwaka 1969 Ali na Marciano walirekodiwa wakipigana raundi fupifupi za kuigiza, kompyuta ikachagua mwisho. Watazamaji wa Marekani walionyeshwa Januari 1970 Marciano akishinda kwa KO raundi ya 13. Mashine hutoa kile ilicholishwa. Aliyeipa namba za "ujasiri" na "nguvu" ndiye aliyeamua.

Niangalieje pambano la zamani ili nipate hoja ya kweli?

Angalia raundi nzima, usiangalie vipande vya KO. Zima sauti, maana watangazaji huvuta macho yako upande mmoja. Raundi za 1 na 2 andika nani yuko katikati ya ulingo na nani mgongo wake uko karibu na kamba. Raundi za 5 hadi 8 angalia mdomo: anayepumua kwa mdomo wazi ameanza kuisha. Hesabu jebu zilizofika usoni, usihesabu zilizogonga glavu. Andika alama zako kabla kengele ya raundi inayofuata haijalia, la sivyo tukio la mwisho litafuta dakika mbili za mwanzo. Vigezo vya majaji ni vinne: ngumi safi, ushambuliaji wenye matunda, kuutawala ulingo, na ulinzi. Kwenda mbele huku unakula ngumi si kigezo.

Ali wa 1967 dhidi ya Tyson wa 1988: nani anashinda?

Ali, kwa pointi au kwa refa kumsimamisha Tyson baada ya raundi ya 9. Lakini raundi nne za kwanza ni hatari ya kweli. Huki ya kushoto ndiyo iliyomwangusha Ali mikononi mwa Sonny Banks mwaka 1962, Henry Cooper mwaka 1963 na Frazier mwaka 1971, na hakuna aliyeifikisha kwa kasi ya Tyson wa Juni 1988, aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Kinachomwokoa Ali ni umbali na kukumbatia. Bonecrusher Smith na Tony Tucker, wote warefu, walifika raundi ya 12 na Tyson mwaka 1987 kwa kumshika zaidi, bila miguu ya Ali wala jebu yake. Tyson alishambulia kwa mafungu na ngumi zake zilipungua wingi baada ya raundi ya 6.

Na Usyk dhidi ya Ali?

Hili ndilo pambano zuri kuliko yote ya kubuni, kwa sababu kwenye karatasi wanalingana: sentimita 191 kwa urefu, mikono sentimita 198. Ali alikutana na mashoto Karl Mildenberger huko Frankfurt, Septemba 1966. Alishinda raundi ya 12, lakini alisumbuka raundi kadhaa kuliko wengi wanavyokumbuka, na Mildenberger hana miguu wala pumzi ya Usyk. Dhidi ya Ali wa 1974 tunampa Usyk, kwa pointi, maana yule Ali alitoa raundi bure akisubiri mpinzani achoke, na Usyk hachoki. Dhidi ya Ali wa Machi 1967 tunampa Ali, raundi 7 kwa 5, kwa kuwa kasi ya mikono yake ingemfikia Usyk kabla hajamaliza ile hatua ya nje ya mguu. Kwa raundi 15 tofauti ingekuwa ndogo zaidi, kwani raundi za mwisho ndizo za Usyk.